Gari jipya, rangi haijakaa sawa: uiache, upige polishi, ipulizwe upya au ulikatae?

Shemeji alinipigia simu saa tano asubuhi akiwa yadi, fomu ya makabidhiano iko mezani na kalamu ameishika.

"Shemeji, naomba upite uone hili gari kabla sijasaini. Ni zero kilometa, lakini bampa halifanani na bodi, halafu milangoni kuna vipele vipele."

Nikamwambia asisaini, na asikubali lipelekwe kuoshwa tena. Nikachukua kidude changu cha kupimia unene wa rangi, ambacho huwa nakibeba ninapokwenda kukagua magari ya mtumba, nikaelekea huko. Kwenye gari jipya sikuwahi kukitumia.

Lilikuwa gari dogo la silva, injini ya lita moja, katika yale mapya ya bei ya chini ambayo mtu hununua kwa kujikaza ili asichukue lililokwishatumika. Muuzaji, kijana mstaarabu tu, alikuwa na majibu matatu: hiyo ni kawaida ya magari haya, tutalipiga polishi bure, na ikibidi, mlango tutaupuliza upya kwa gharama yetu. Jibu la nne, la kuliacha gari palepale, hakulitaja, na sikumlaumu.

Majibu yote manne yana mahali pake. Shida ni kwamba watu huyachagua kwa kukasirika au kwa kuona haya, si kwa kujua rangi ina ugonjwa gani.

Magonjwa matatu yanayoitwa jina moja

Mtu akisema rangi "haijakaa sawa", anaweza kuwa anasema uso wake: ukiinama ukatazama taa ikijiakisi mlangoni, mwanga hauko laini, umekatika katika kama ganda la chungwa. Au anasema rangi yenyewe: bampa limefifia kuliko ubavu, boneti ina mawingu. Au anasema unene: huku rangi nzito, kule undakoti, ile safu ya chini ya kukinga kutu, unachungulia. La kwanza ni suala la macho. La pili mara nyingi ni la macho pia. La tatu ndilo la kutu, na ndilo ambalo wateja wachache hulitafuta.

Ili ulinganisho ueleweke, turudi kiwandani kidogo. Bodi tupu huzamishwa nzima kwenye bwawa la undakoti, umeme unaivuta rangi mpaka kwenye kona ambazo bunduki ya fundi haitafika kamwe, kisha bodi inaokwa kwa nyuzi 160 hadi 180. Juu yake huja praima, rangi, na mwisho klia, ile safu ya kung'aa. Hizi za juu huokwa kwa nyuzi 140 hivi. Zote kwa pamoja hazizidi sana maikroni 100 hadi 150 (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja), na magari mengi madogo hukaa upande wa chini wa hesabu hiyo. Klia peke yake ni maikroni 35 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele.

Gereji haiwezi kurudia hayo. Gari likishakuwa na matairi, nyaya, tangi la mafuta na plastiki, huwezi kulitia kwenye tanuri la nyuzi 140. Chumba cha kupulizia cha gereji nzuri huoka kwa nyuzi 60 hivi, na kwa gereji nyingi za Gerezani na Tabata, hapa Dar es Salaam, tanuri ni jua la Mungu. Kwa hiyo kila unapompa fundi bodi mpya, unatoa uimara upewe uzuri. Mimi hupenda kutoa kidogo iwezekanavyo.

Ganda la chungwa: kuiacha au kupiga polishi

Vipele vya milangoni vilikuwa vya kweli. Boneti na paa, afadhali. Hilo halikunishangaza: bodi hupulizwa ikiwa imesimama vilevile kama gari barabarani, hivyo kwenye boneti rangi mbichi hulala na kujisawazisha, lakini mlangoni uzito wake huivuta chini, na kiwanda hakithubutu kuweka nyingi isije ikatiririka machozi. Kiwanda cha gari la bei ya chini huweka klia ya kutosha tu, hakina muda wa mtu kusugua kila bodi kwa mkono, gari linasonga mbele. Magari ya bei kubwa nayo yana ganda la chungwa. Tofauti ni kiasi.

Sasa tuweke mizani. Ukiiacha, hupotezi kitu ila macho yako. Vipele hivyo viko juu ya klia, havijaitoboa, na maji hayapiti. Havileti kutu wala havifupishi maisha ya rangi. Baada ya wiki mbili za vumbi la Kimara utakuwa huvioni.

Ukitaka viondoke kabisa, polishi ya kawaida haiviondoi, na hapa ndipo watu hudanganywa. Polishi hung'arisha vilima na mabonde kwa pamoja. Ili uso ulainike lazima vilima vikatwe kwa msasa wa maji, namba 2000 kisha 3000, ndipo kompaundi ifuate. Polishi nyepesi hula maikroni moja au mbili. Msasa mkononi mwa fundi mwenye haraka unaweza kula kumi kabla hajashtuka. Mafundi waangalifu wana mpaka wao: jumla ya klia unayoitoa katika maisha yote ya gari isizidi maikroni nane hivi. Ndani ya klia ndimo ilimo dawa ya kuzuia mionzi ya jua. Umewahi kuona magari yaliyobabuka paa na boneti, madoa meupe kama mtu mwenye mba? Ile ni klia iliyokufa, na haina polishi tena, ni kupuliza upya tu. Mtu anayelaza gari juani Dar es Salaam, Mombasa au Muscat anaitumia klia yake kila siku. Kuanza maisha kwa kuikata ni sawa na kuingia mwezi mshahara ukiwa umekatwa.

Kuna pia ile "polishi ya bure". Sikatai kwamba kuna yadi zinazoifanya vizuri. Lakini nyingi hupaka kitu chenye mafuta kinachojaza mabonde, gari linang'aa siku ya makabidhiano, na ukiliosha mara tatu vipele vinarudi, safari hii vikiwa na mikwaruzo ya duara ya mashine ambayo haikuwepo. Ukiletewa gari lililokwisha pigwa polishi, futa sehemu ndogo kwa kitambaa chenye spiriti iliyochanganywa na maji, kisha tazama tena. Kilichokuwa kimefichwa kitajitokeza.

Hukumu yangu hapa haina mjadala mrefu: iache. Msasa una maana kwa mtu mwenye gari jeusi, mwenye kipima unene, anayemjua fundi wake kwa jina, na ambaye hatalala usingizi hadi mlango uwe kioo. Wewe badala ya polishi omba kitu kingine: punguzo, au servisi ya kwanza, au ile plastiki ya kinga ubandikiwe kwenye ukingo wa boneti. Muuzaji aliye tayari kumlipa mtu wa polishi, pesa anayo.

Ila jambo moja kabla hujatangaza kuwa hupati hasara. Kama gari halina klia kabisa, yaani rangi moja tu ya kung'aa kama ilivyo kwa baadhi ya magari meupe na mekundu ya bei nafuu, hesabu inabadilika. Utajua kwa kusugua mahali pa kificho kwa polishi kidogo: kitambaa kikitoka na rangi ya gari, klia hakuna. Gari la namna hiyo linavumilia polishi vizuri, na litaihitaji, kwa sababu linapauka.

Bampa na bodi: mgomvi asiye na kosa

Shemeji alikuwa amekasirishwa na bampa kuliko kitu kingine. "Hili limegongwa," alisema, "wamebadilisha bampa wakaleta la kuokoteza."

Inawezekana, lakini usianzie hapo. Bampa ni plastiki. Haliwezi kupita kwenye tanuri la nyuzi 140, lingelegea na kupinda, hivyo mara nyingi hupakwa peke yake, pengine kiwanda kingine kabisa, kwa rangi iliyochanganywa ili inyumbuke, na kuokwa kwa nyuzi 80 hivi. Kwenye rangi nyeupe ya kawaida tofauti hiyo hujificha. Kwenye silva haijifichi, kwa sababu silva ni vipande vidogo sana vya alumini ndani ya rangi, na jinsi vilivyolala ndivyo utakavyoona. Unyevu wa rangi, upepo wa bunduki, kasi ya kukauka, vyote huvilaza tofauti. Rangi ileile, kopo lilelile, nyuso mbili.

Njia ya kuamua ni rahisi na haihitaji kifaa. Yadi ina magari mengine ya silva ya aina ileile: nenda ukatazame mabampa yake. Yakiwa na tofauti hiyohiyo, ni kiwanda. Likiwa lako peke yake, uliza. Halafu tazama mara mbili, ukiwa mbele yake na ukiwa pembeni, kivulini na juani. Tofauti ya vipande vya alumini hugeuka kadiri unavyozunguka: mbele bampa jeusi zaidi, ubavuni jeupe zaidi. Tofauti inayobaki ileile kila upande ni ya mchanganyiko, na hiyo inanuka kopo la mtaani.

Tulikuta magari mawili ya silva nyuma ya ofisi. Yote mabampa yake yamefifia vilevile. Shemeji akanyamaza.

Kupuliza upya bampa la namna hii hukupa nini? Fundi mzuri atalifananisha na bodi, kwa kupitisha rangi hata kwenye sehemu ya mbele ya fenda ili jicho lisione mpaka. Maana yake, ili kutibu plastiki inabidi aguse chuma kizima. Fundi wa kawaida ataliacha na tofauti mpya. Kati ya tofauti ya kiwanda isiyobanduka na tofauti ya gereji inayoweza kubanduka ukikwangua ukuta mara moja, mimi nabaki na ya kiwanda.

Mlango wa nyuma

Hapa ndipo kile kidude kilipolipa nauli yake. Nilianza na paa, kwa sababu paa ndilo huguswa mara chache: maikroni 104. Boneti 98. Fenda zote mbili karibu na 100. Milango ya kushoto 95 hadi 110. Mlango wa nyuma kulia: 247, kisha 262, kisha 231.

Usiruke kusema "limegongwa". Viwandani kuna sehemu ya marekebisho, na bodi iliyotoka na doa hupulizwa mara ya pili mlemle, ikaokwa ipasavyo. Kipimo kitaongezeka hata mara mbili na rangi ikabaki imara. Lakini gari lililoshushwa melini, likaendeshwa kutoka bandarini, likapangwa yadi, lina nafasi nyingi za kuguswa njiani, na yadi hurekebisha kimyakimya. Kutofautisha hayo mawili hutegemea kingo. Nikafungua mlango, nikavuta raba ya dirisha kwa kucha. Chini yake kulikuwa na mstari, kama ngazi ndogo, pale selotepu ya karatasi ilipokuwa imebandikwa. Juu ya raba yenyewe, vumbi la rangi. Kiwandani bodi hupakwa kabla haijavalishwa raba.

Kipimo hakikufika mia tano, achilia mbali elfu, kwa hiyo fila, ile dawa ya kujazia mabonyeo kabla ya rangi, haikuwemo: chuma hakikuwa kimebonyea, ulikuwa mkwaruzo tu. Kama huna kipima, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini itakuambia kuhusu fila, maana itagoma kushika. Unene wa rangi tupu haitauona.

Kijana wa mauzo alipoitwa, alisema hajui, na nadhani kweli hakujua. Ndipo akarudia lile jibu la tatu: utapulizwa upya.

Tulinganishe basi. Mlango uliopulizwa mara moja gereji, na sasa unaahidiwa mara ya pili. Kila safu juu ya safu ambayo haikuandaliwa vizuri ni kama bati juu ya bati lililolegea. Ukikubali, lazima ujue mambo matatu kabla: fundi nani, rangi gani, dhamana ya nani. Rangi iwe 2K, ile inayochanganywa na dawa ya kukazia, si duko. (Duco lilikuwa jina la bidhaa ya DuPont ya Marekani, iliyoingia kwenye magari mwaka 1923 na kuwakomboa watu na subira ya wiki kadhaa za kusubiri rangi ikauke. Jina limeishi kuliko bidhaa.) Duko hukauka kwa tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, kutoka tu, na tina ikirudi, rangi inarudi kuwa uji: pitisha kitambaa chenye tina kidogo mahali pa kificho, kikichafuka, umeuziwa duko. 2K iliyokomaa haitoi kitu. Na rangi mpya ya gereji isipakwe nta kwa mwezi mmoja, ili mvuke wa tina uliobaki ndani utoke.

Kuna kichekesho kingine cha kupuliza paneli moja. Fundi hodari akiulaza mlango laini kama kioo, utakuwa mlango pekee laini kwenye gari zima lenye ganda la chungwa, na kila mnunuzi wa baadaye atauliza ulipigwa wapi. Fundi hodari zaidi huiga vipele vya kiwanda. Mafundi wa hivyo wapo, ila si rahisi kumpata yadi ikiwa ndiyo inayomchagua, na ikimchagua kwa bei.

Kwa hiyo kupuliza upya kunafaa mahali pamoja tu kwa gari jipya: pale rangi ilipokosekana. Zunguka kingo za chini za milango, ndani ya kifuniko cha mafuta, chini ya raba ya buti, kwenye bawaba. Undakoti ukiwa wazi na chuma kinaonekana, hapo hakuna cha kuvumilia, hasa kwa mtu wa Kigamboni au Bagamoyo anayelala na upepo wa chumvi. Sehemu hizo ziingie kwenye dhamana kwa maandishi, na zirekebishwe hata kama urembo wake utakuwa hafifu, maana hazionekani. Ila usitishwe na upande wa ndani wa boneti: rangi pale huwa nyembamba, haing'ai, na kipimo chake ni nusu ya nje. Magari ya bei zote yako hivyo.

Kusaini au kutosaini

Kukataa gari kunagharimu muda na aibu. Kukubali halafu kulalamika kunagharimu zaidi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara atoe bidhaa yenye ubora unaofaa kuuzwa, lakini mnunuzi akishaikagua, kinga hiyo haifiki kwenye kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuziona. Ya Kenya, Sura ya 31, inasema hivyohivyo. Zote ni watoto wa sheria ya Uingereza ya 1893. Rangi ni kitu cha kuonekana. Ukishasaini "nimelipokea likiwa zuri" mchana kweupe, ganda la chungwa limekuwa lako.

Kasoro iliyoandikwa kwenye fomu ni jambo tofauti. Hivyo hata ukiamua kuvumilia, andika: milango ina vipele, bampa limefifia, tarehe, picha, sahihi ya muuzaji. Na usilipeleke gari kwa fundi wako wa mtaani kabla ya kusoma kijitabu cha dhamana, maana ukigusa rangi mwenyewe umewapa sababu ya kukukatalia ikibabuka.

Kama bado hujachagua rangi, chagua kwa udhaifu wake. Nyeusi haisamehi, kila kipele ni taa. Nyekundu na njano hazifuniki vizuri, hivyo kiwanda kikibana safu, kingo zinaonekana zimekonda. Silva huficha vumbi na mikwaruzo lakini humuumbua kila fundi anayejaribu kuifananisha. Nyeupe ya kawaida huficha vipele, haina alumini ya kugombana na bampa, na ikikwaruzwa hurekebishika kwa bei ndogo kuliko zote. Watu wanaiona ya teksi. Kwa gari la bajeti, mimi ningechukua ya teksi.

Shemeji hakutaka kupulizwa wala punguzo la lile la silva. Aliuliza kama kuna jingine. Kulikuwa na jeupe mwisho wa safu, chafu, limekaa chini ya mwembe na kinyesi cha kunguru juu ya paa. Likaoshwa kwa maji tu, mbele yetu. Vipele vyake vya milangoni vilikuwa vibaya kuliko vya lile la kwanza, nikamwonyesha. Nikapima: 101, 97, 108, 99, mlango wa nyuma kulia 103. Paa kidogo limebaki na alama ya kinyesi.

Akaandika vyote kwenye fomu, vipele na alama, kijana akasaini chini yake, naye akasaini.